Lori la Hemedi

Lori lilikuwa limegeuka.

Jana yake Muhidini aliliacha likitazama dirishani, kwenye mwanga, kama alivyoyaacha magari yake yote. Asubuhi alipoingia na kikombe cha chai mkononi alilikuta limeelekeza pua ukutani, upande wa kaskazini. Hakulitilia maanani. Alilirudisha kwa vidole viwili, akamaliza chai, akaenda kazini. Kesho yake lilikuwa limegeuka tena. Keshokutwa vilevile. Ndipo alipoutazama vizuri ule ukuta na kukumbuka kwamba ndio anaouelekea kila siku akisali.

Chumba kile kilikuwa nyuma ya nyumba yao, mtaani Likombe, na mkewe Asia alikiita gereji. Palikuwa na meza, taa moja, na rafu zilizojaa magari aliyoyaunda kwa mikono yake: malori, mabasi, trekta, tingatinga, hata tangi la mafuta lenye ngazi ya waya mgongoni. Mita moja ya barabarani ilikuwa sentimita nne za mezani kwake, na katika kipimo hicho hakujisamehe hata unene wa uzi. Matairi aliyakata kwenye soli za ndala. Rejeta ilikuwa wavu wa dirisha, vioo vya pembeni karatasi ya fedha ya vidonge, vioo vya mbele plastiki ya chupa ya maji. Rangi nyekundu ilikuwa rangi ya kucha.

"Mke wa mtu natembea na kucha tupu," Asia alizoea kulalamika, "lakini basi linang'aa kama bibi harusi."

Kitu kimoja tu hakukiweka katika magari yale. Mtu. Tangu madrasa walifundishwa, yeye na Asia, kwamba anayeunda sura ya kiumbe ataambiwa Siku ya Kiyama aipulizie roho, na hataweza. Kwa hiyo mabasi yake yalikuwa na viti bila abiria, na malori yake usukani bila mikono. Wageni waliona ni upungufu. Yeye aliona ni adabu.

Kazini alikuwa karani wa geti kwenye ghala la korosho. Alifungua, akaandika namba ya gari, akafunga. Mdogo wake Hemedi alikuwa dereva, na kila msimu alikuja na lori lake la buluu, akapiga honi tangu kwenye kona, akatoa kichwa dirishani, akapaza sauti ili wabeba magunia wote wasikie:

"Karani! Fungua geti!"

Wabeba magunia walicheka. Muhidini alifungua. Hemedi alikuwa na kipaji hicho, cha kumfanya mtu awe mdogo huku akimpenda, na mtu asijue akasirike au acheke naye. Mama yao naye alikuwa na mizani yake, na katika mizani ile Hemedi alikuwa mzito siku zote. Hemedi akileta papai moja, nyumba nzima ingesikia habari za papai. Muhidini, aliyemweka mama kwake, aliyemnunulia dawa, aliyemshika mkono kumpeleka uani kwa kuwa mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, alipata "ahsante" ile ile anayopewa mpita njia.

Msimu uliopita lori la buluu lilikatika breki kwenye mteremko wa kuingia Mikindani. Hemedi hakufika hospitali.

Baada ya mazishi Bi Mwanakombo aliacha kula, kisha akaacha kusema. Alikaa kwenye mkeka wake sebuleni, kidole kimoja kikipapasa ukindu, juu chini, juu chini. Hata mjukuu wake Nasra, mtoto wa miaka saba aliyezoea kumsukia nywele, hakujibiwa. Siku moja, Muhidini akimlisha uji, mama alimshika mkono.

"Wewe si unaunda magari?"

"Ndiyo, mama."

"Niundie la Hemedi. Nilishike. Na yeye mwenyewe umtie ndani."

"Mama, mtu siwekagi. Unajua."

"Najua. Siku zote wewe ni mtu wa siwezi, sifanyi, siwekagi." Akamwachia mkono. "Basi. Ondoa uji wako."

Neno hilo lilimkaa kifuani kama mwiba wa samaki. Na ndipo Muhidini, kwa kutaka kumpendeza mama yake mara moja tu katika maisha, alipofanya lile jambo.

Nyuma ya msikiti wao kulikuwa na kibanda cha jeneza. Jeneza la zamani lilikuwa la mti, limebeba maiti za mtaa ule tangu babu zao wakiwa vijana. Mikono yake ilikuwa imelainika kwa mabega na jasho. Wa mwisho kubebwa juu yake alikuwa Hemedi. Wiki ile ile mfadhili mmoja alileta jeneza jipya la bati jepesi, na lile la zamani likavunjwa, mbao zake zikaegemezwa kibandani mpaka watu waamue la kuzifanyia. Muhidini alikuwa amezitazama mara nyingi. Mti mkavu hivyo haupindi, haupasuki, unakubali kisu kama sabuni. Siku moja baada ya sala ya Alasiri alichukua ubao mmoja, akaufunika kwa koti la mvua, akaenda nao nyumbani. Hakumwomba mtu. Alijiambia kwamba ubao uliombeba Hemedi ndio unaostahili kubeba lori la Hemedi, na wazo hilo, siku ile, lilionekana zuri.

Fremu ya lori aliichonga humo. Kabini humo. Na kipande kilichobaki, kirefu nusu ya kidole, alikichonga dereva aliyekaa, mkono mmoja kwenye usukani, kiwiko cha pili kimetoka dirishani kwa maringo, kama alivyozoea kukitoa Hemedi mwenyewe. Uso aliuacha mtupu. Hakuna jicho, hakuna pua, hakuna mdomo. Alifikiri hapo ameomba radhi ya kutosha.

Asia alipomwona yule dereva alisimama mlangoni, mkono kwenye kizingiti.

"Baba Nasra. Huyo nani?"

"Mama kaniomba."

"Mama kakuomba, na Mungu je?"

Muhidini alimpelekea mama lori mapajani. Bi Mwanakombo alilipapasa bodi, akapapasa matairi, akapitisha kidole dirishani na kukuta kiwiko. Akaanza kucheka. Alicheka huku machozi yakishuka, akaomba chai, akaomba na kitumbua. Kisha akasema, "Hemedi wangu," akaubusu ubao wa kabini. Muhidini alisubiri kidogo, mikono imening'inia, kama mtu anayengoja chenji dukani. Halafu akarudi gereji kufagia vumbi la mti.

Baada ya hapo ndipo lori, lililolala mezani kila usiku, lilipoanza kugeuka.

Ilifuata harufu. Kwanza ya dizeli, katika nyumba isiyo na gari. Halafu, chini ya dizeli, nyingine iliyomfanya Asia aanike magodoro na kufua mapazia: kafuri, ile wanayopakwa maiti. Halafu ikaja pumu ya Nasra. Mtoto alikuwa nayo tangu mdogo, lakini ilikuwa pumu ya msimu wa baridi, ya kupulizia dawa na kurudi kucheza. Sasa ilimkamata kila siku, ikamkalia. Hospitali walimsikiliza kifua, wakapiga picha, wakasema mapafu ni mazima. Wakaongeza dawa. Mtoto akazidi kukonda, midomo ikaanza kuwa na rangi ya zambarau mbivu.

Jumapili moja, saa saba mchana, umeme ulikatika. Feni ilizunguka mara za mwisho, ikasimama. Mtaa mzima ulikuwa umelala kwa joto, hakuna kuku wala redio, na katika kimya kile Muhidini, aliyekuwa amejinyoosha kibarazani, alisikia injini. Ilikuwa mbali na ilikuwa karibu. Ilinguruma taratibu, kama lori linalosubiri kufunguliwa. Alinyanyuka, akaifuata sauti ile nyumbani mwake mwenyewe kwa kunyata kama mwizi, akapita sebuleni ambako mama yake amekaa wima akitabasamu gizani mwa macho yake, akapita mlango wa chumba ambamo Nasra amelala na Asia ameketi kando akimpepea kwa kipande cha boksi, akasukuma mlango wa gereji, na pale mezani, pua ikielekea Kibla, lori lilikuwa likitetemeka, na vioo vyake vya plastiki vilikuwa na ukungu, ukungu wa ndani, kama vioo vya gari ambalo mtu amelala humo usiku kucha, na ukungu ule ulipanuka, ukapungua, ukapanuka, na kila ulipopanuka alisikia ng'ambo ya ukuta kifua cha mwanawe kikikwama, na kila ulipopungua alisikia mtoto akivuta kwa filimbi ile nyembamba ya pumu, mpaka akaelewa kwamba pumzi ni moja na wanaoigombania ni wawili.

Aliinama akachungulia dirishani mwa kabini. Dereva alikuwa na mdomo. Mkato mdogo, mweusi, uliokaa sawasawa. Hakuukata yeye.

Alichukua nyundo. Alipoiinua, Nasra alipiga ukelele chumbani, na Asia akatokea mlangoni, uso umempauka.

"Usipige!" alinong'ona. "Ulipoinua tu mkono kajishika kichwa. Baba Nasra, usipige, nakuomba."

"Linapumua, Asia."

"Nalisikia. Nalisikia wiki nzima, nikasema nimechanganyikiwa." Alilia bila sauti. "Umetuletea nini humu ndani?"

Nyuma yake, kutoka sebuleni, ikaja sauti ya mama, nyororo kama ya mtu anayebembeleza: "Mwacheni. Kachoka na safari."

Kesho yake Muhidini alikwenda Mikindani kwa Bi Ashura. Mwanamke huyu aliuza maandazi asubuhi na kutoa majini mchana, na kazi zote mbili alizifanya akiwa amevaa miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuja Likombe nyuma ya pikipiki, amekaa upande, kapu la dawa kifuani. Hakulitazama lori kwanza. Alimtazama Nasra, akamwekea kiganja kifuani, akanusa kiganja chake.

"Mti mmeutoa wapi?" aliuliza.

Muhidini alimwambia. Asia, aliyekuwa hajui, aliziba mdomo kwa kanga.

"Haya," alisema Bi Ashura. "Mti ule unajua kazi moja tu. Kubeba watu kwenda kwao kwa mwisho. Ungeuchoma ungelala. Wewe umeupa magurudumu, tena umeupa dereva." Alivua miwani, akaifuta. "Na kibandani mwa jeneza, baba, kuna wenyewe. Wanakaa humo tangu kabla hujazaliwa. Mmoja umemchongea mwili. Sasa anataka pumzi, maana wewe hukumpa."

"Ni Hemedi?"

"Hemedi kafa, kaenda zake, Mungu amrehemu. Huyu kavaa shati la Hemedi tu."

"Mwongo!" Bi Mwanakombo alikuwa amesimama, mkono ukitafuta ukuta. "Mwanangu namjua! Kila mchana anasema nami. Muhidini, unataka kumuua mara ya pili? Mara ya kwanza haikukutosha kumwona anakushinda?"

Nje mtoto wa jirani alikuwa akisukuma ringi la baiskeli, na mlio wake ulipita, ukaisha.

"Mama," alisema Muhidini, "Nasra anakufa."

"Watoto mtazaa wengine," alisema Bi Mwanakombo. "Mimi nitazaa lini?"

Bi Ashura alitoa masharti yake upesi. Lori lote lifungwe kwenye shuka nyeupe, pamoja na kila kipande cha ubao ule, hata vumbi lililofagiwa. Mwenye kuunda alipeleke mwenyewe mdomoni mwa Ruvuma, maji yakitoka, aliache lichukuliwe, asigeuke nyuma. Kisibaki kitu.

Asubuhi ya safari mama aliomba alifunge yeye. Aliomba kwa upole ambao Muhidini hakuuzoea. "Nimuage," alisema. "Wewe mwanamume ulimzika na wanaume wenzio, mimi sikufika kaburini. Niache nimfunge sanda yake." Muhidini alimpa shuka, lori na vumbi la mti, akatoka nje kuwapisha. Aliporudi furushi lilikuwa tayari, vifundo vimekazwa barabara, na mama alimshika shavu. Alimshika shavu! Muhidini alibeba furushi lile mpaka kwenye pikipiki kwa furaha ya kijinga.

Mdomoni mwa Ruvuma maji ya mto ni ya udongo na ya bahari ni ya kijani, na pale yanapokutana kuna mstari kana kwamba mtu ameupiga kwa rula. Walishuka kwenye mikoko, wakakanyaga tope mpaka kwenye fungu la mchanga. Jua lilikuwa utosini. Bi Ashura alisoma, akafukiza ubani, akampungia mkono. Muhidini aliingia mpaka kiunoni, akaliachia furushi. Lilizunguka mara moja, likaelekeza ncha kaskazini, kisha mkondo ukalinyanyua, ukaenda nalo. Aligeuka upande wa pwani, hakutazama nyuma.

Walikuwa wamekaribia pikipiki Bi Ashura alipouliza, kwa kawaida tu, akikamua upindo wa kanga yake:

"Vifundo vile ulifunga wewe?"

"Mama."

"Mama yako?"

"Ndiyo."

Walitembea kidogo.

"Mama wa Hemedi pia," alisema Bi Ashura, na akaanza kukimbia.

Walipofika Likombe, Nasra alikuwa uani akiruka kamba. Anaruka, anapumua, mashavu yamemjaa damu, na Asia ameketi kwenye kigoda anamtazama, kanga imelowa machozi.

"Tangu saa sita," alisema. "Pumzi imefunguka ghafla, kama mtu kafungua bomba. Alhamdulillahi, Bi Ashura. Alhamdulillahi."

Bi Ashura alikuwa ameona uzi mweusi shingoni mwa mtoto, na kijifuko cha kitambaa kinachopigapiga kifua kila anaporuka.

"Hirizi hiyo kavishwa na nani?"

"Bibi yake. Kasema ya kinga. Nikaona, kwa kuwa kaamua mwenyewe kumtazama mtoto..."

Bi Ashura alikata uzi kwa meno, akachana kitambaa. Dereva aliangukia kiganjani mwake. Kiwiko kilikuwa bado nje kwa maringo, lakini mwili ulikuwa umepasuka kuanzia kwenye ule mdomo mpaka kiunoni, na ndani ulikuwa mtupu, umekauka, mwepesi kama ganda analoliacha nyoka. Akaunusa. Haukuwa na harufu yoyote.

"Mtoe!" alisema Muhidini. "Bi Ashura, mtoe sasa hivi!"

"Nimtoe na nini?" Mganga alikuwa amezeeka ghafla. "Alipokuwa nje nilikuwa na cha kukupa ukatupe mtoni. Sasa pumzi ni moja, mwenye kupumua ni mmoja. Nikimkaba yeye, nimemkaba mtoto." Alikusanya kapu lake. Mlangoni aligeuka. "Uliomba mtoto apumue, baba. Anapumua."

Alikwenda zake. Muhidini alimfuata kwa macho mpaka vumbi la pikipiki likatulia, kisha akamkazia macho binti yake, akitafuta. Nasra alicheka, akaonyesha pengo lake la jino. Alikuwa Nasra. Aliomba uji, kama Nasra. Pengine mganga amekosea, alijisemea, waganga hukosea. Asia alimletea mtoto kikombe, akakipuliza, akampa, na mtoto akakipokea kwa mkono mmoja, mguu mmoja juu ya mwingine.

"Ahsante, shemeji," alisema Nasra.

Asia alicheka. Kisha kicheko kikamfia mdomoni, kikaning'inia hapo.

Sebuleni Bi Mwanakombo alikuwa amevaa kanga zake za Idi na kujitia udi. Alitoka akiupapasa ukuta, na kwa mara ya kwanza tangu macho yake yafunikwe hakumwita Muhidini amshike mkono. Alinyoosha mkono wake mwenyewe hewani, akangoja, na Nasra akaacha kikombe, akaenda, akaushika. Walisimama hivyo katikati ya ua, mdogo na mkubwa. Adhana ya Magharibi ilikuwa inaanza. Wote walisikia, kwa mbali, kwenye kona ya mtaa ambako hakuna gari lililoegeshwa, injini ikinguruma taratibu.

"Baba Nasra," alinong'ona Asia. "Baba Nasra, wanakwenda wapi?"

Muhidini alikimbia akawatangulia. Aligeuza mgongo wake kwenye geti la bati, akatandaza mikono. Geti lile lilitazama kaskazini. Hakuwahi kulifikiria hilo. "Nasra," alisema. "Nasra mwanangu. Njoo kwa baba."

Mtoto alimtazama kwa upendo. Aliinua kichwa, kiwiko kimoja amekitoa nje kwa maringo, kama mtu aliyeegemea dirisha, akavuta pumzi ndefu, nzima, isiyo na filimbi, na akaita kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wabeba magunia, neno ambalo halikuwahi kusemwa katika nyumba ile:

"Karani! Fungua geti!"

Na Bi Mwanakombo akacheka. Alicheka kwa moyo wote, kama alivyocheka siku ile ya lori mapajani. Muhidini alifumbua mdomo kusema hapana, akasema hapana, akaisema tena. Na nyuma ya mgongo wake mkono wake, uliojua kazi hiyo moja tu, ulikuwa umeshalishika komeo.